Chakula cha Wajapani na Glasi Iliyo Kando Yake

Ndugu msomaji, usistaajabu kuona kurasa hizi zikizungumza habari za mgahawa. Bariadi haina mgahawa wa Kijapani, nasi hatudai kwamba unao. Lakini vijana wetu wa Simiyu hawakai tena nyumbani tu. Hushuka Lamadi, wakashika barabara ya Musoma, wakavuka mpaka pale Sirari, na baadaye wako Nairobi kwa biashara au masomo. Huko mwenyeji, kwa kutaka kuwakirimu, huwapeleka Westlands jioni, katika nyumba ya taa hafifu, vijiti mezani na kaunta ndefu ya chupa ukutani. Wakirudi husimulia, na mara nyingi husimulia kinyume.

Wanachokisimulia ni samaki mbichi. Mtu aliyekulia ugali wa mtama, michembe na sato wa kukaanga humwona mpishi akikata mnofu na kuulaza juu ya tonge la wali, moyo ukamchafuka. Hana lawama. Lakini kichefuchefu si hukumu ya sheria. Suratul Maida, aya ya 96, imehalalisha vya baharini, wala haikushurutisha moto. Wali ule hutiwa siki, sukari na chumvi, na siki ni kitoweo alichokisifu Mtume (s.a.w.). Wala sushi haikuanza kwa anasa. Hapo kale samaki alifukiwa katika wali uliochachuka ili asioze, kama sisi tunavyomkausha dagaa. Na tonge la kuliwa papo hapo liliuzwa mitaani Edo, mji uitwao leo Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19. Kilikuwa chakula cha mpita njia.

Sasa tazama alichoagiza yule kijana baada ya kuukimbia ubichi. Kaagiza kuku wa teriyaki: kaiva, mtamu, ang'aa kwa mchuzi. Kala kashiba, kamhimidi Mola wake. Na mchuzi ule, kwa desturi ya Wajapani, hufanywa kwa sosi ya soya, sukari, sake na mirin. Sake ni pombe ya mchele yenye kileo kiasi cha asilimia 15. Mirin ni pombe tamu ya kupikia, nayo ile ya asili hufika asilimia 14 hivi. Basi alichokikimbia kilikuwa halali, na alichokikimbilia ndicho chenye pombe. (Na kuku yule kachinjwa na nani? Hilo nalo halikuulizwa.)

Wako wasemao kwamba moto huifukuza pombe yote. Si kweli. Vipimo vya Marekani vimeonyesha kuwa chakula kilichochemshwa pamoja na pombe kwa nusu saa bado hubakiwa na theluthi yake na zaidi kidogo, na mchuzi wa kupaka kuku mara nyingi haukai motoni muda huo.

Lawama yetu kwa nyumba hizi ni hapo. Orodha ya vyakula hukuambia samaki katoka nchi gani na pilipili ni kali kiasi gani, lakini mirin haitajwi. Na huu ni mji wenye Msikiti wa Jamia katikati yake na Eastleigh ubavuni mwake! Kuandika neno moja kungewagharimu nini?

Jambo jingine ni huyo samoni anayesifiwa kuwa ndiyo asili ya Kijapani. Wajapani wenyewe walikuwa hawamli mbichi, wakihofia minyoo. Ni Wanorwei waliokwenda kuwauzia samoni wao wa kufugwa katika miaka ya 1980. Tunauziwa biashara ya juzi kwa jina la mila. Sato wa ziwa letu, aliyechomwa kwa chumvi tu, jambo ambalo Wajapani hulijua sana kwa samaki wao, angekaa vizuri katika sahani ile, tena bila mirin. Ila nakuusia: usirudi Busega ukamkata sato mbichi. Samaki wa maji baridi ana vijidudu, na Wajapani nao humwogopa.

Na glasi je? Mwenyeji atakuambia kuna kokteli zisizo na kileo. Juisi haiwi haramu kwa kutiwa katika glasi nzuri. Lakini meza inayozungushiwa pombe Mtume (s.a.w.) amekataza kuikalia, na jioni za nyumba hizi ndizo saa za kaunta ile. Tena Nairobi jua huchwa yapata saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima. Magharibi hukukuta ungali unafunguliwa orodha.

Basi mwambie mwenyeji wako mapema, kwa adabu, kwamba wapenda mwende mchana, nyinyi wawili, na meza isiyo na chupa. Kakualika akufurahishe, hatakasirika. Mkifika, mwulize mhudumu maneno mawili tu: mirin na sake. Akisema hajui, aende akamwulize mpishi, nawe ungoje.