Kabla Nyundo Haijagusa Mwamba

Mzee anayepanga machimbo ya mawe hapa Kwamsisi haanzi na nyundo. Anaanza na panga. Anafyeka vichaka kuuzunguka mwamba uliochomoza, kisha anaufagia kwa tawi la majani mpaka mistari yake ijitokeze: mweusi, mweupe, mweusi tena. Miamba mingi ya Handeni na Korogwe ni ya namna hii. Ni ya mkanda wa miamba uitwao Ukanda wa Msumbiji, iliyobanwa na kupikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, hadi madini yake yakajipanga matabaka matabaka. Jiwe kama hilo hupenda kupasuka kwa kufuata tabaka, kwa hiyo asubuhi nzima anataka kujua jambo moja: matabaka yamelalia wapi.

Anachuchumaa, analaza ubapa wa panga juu ya mistari na kuutazama mwinamo wake. Anahamia upande wa pili, anarudia. Ukifungua machimbo pale ambapo matabaka yameinamia kwa mchimbaji, mawe hung'oka kwa urahisi. Hayohayo ndiyo huteleza yakamwangukia, hasa masika, maji yanapopenya kwenye nyufa. Vijana wanapendelea upande huo kwa sababu ya wepesi wake. Mzee anachagua upande ambao matabaka yameinamia ndani ya kilima. Kazi itakuwa ngumu zaidi, naye amekubali.

Sasa ndipo anaposhika nyundo, lakini kwa kusikiliza tu. Penye mlio mkali anachora alama ya mkaa. Penye mlio mfu mwamba umeoza, anapapita. Nafasi kati ya ufa na ufa anaipima kwa shubiri, maana ndiyo itakayoamua ukubwa wa jiwe la msingi litakalotoka.

Mambo ya karatasi hayamchukui muda. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, hudumu miaka 7, na kwa mawe ya ujenzi eneo halizidi hekta 5. Lori ndilo linalomkalisha kufikiri. Anatembea njia yake yote kwa miguu, akihakikisha litapakia likiwa chini ya machimbo, na kwamba maji ya mvua yatatoka bila kuikata njia.

Kifusi nacho kina mahali pake, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Udongo wa juu anautenga pembeni, utumike kufukia shimo baadaye. Vipande visivyofaa vinapelekwa mbali, ng'ambo ya alama za mkaa, hata kama ni kusukuma toroli mwendo mrefu. Machimbo mengi madogo hufa kwa sababu kifusi cha mwaka wa kwanza kimelalia jiwe la mwaka wa tatu.

Hatimaye tindo. Anatoboa matundu kwa mstari, akiizungusha tindo kidogo baada ya kila pigo ili isikwame. Katika kila tundu anatia vibanzi viwili vya chuma na kabari katikati. Anapiga kabari moja moja, kwa zamu, kama mwalimu anayeita majina darasani. Mlio unapanda kwa kila mzunguko. Kisha anaacha kupiga na kusubiri, na kijana aliyeinua nyundo anazuiwa kwa mkono. Ufa unajichora wenyewe kutoka tundu hadi tundu, na mtaimbo unamalizia. Uso wa jiwe unatoka umenyooka kiasi cha kuweza kujengewa bila kuchongwa. Masalia yanakwenda kwa wagongaji kokoto.

Wewe unayetaka kufungua machimbo huku Handeni au Korogwe, mtafute mpangaji wa aina hii kabla hujakodi mtambo, na umlipe pia kwa siku anazozunguka mwamba bila kuvunja hata jiwe moja.