Uteuzi wa Modi kama Uhakiki: Mfano wa Morrowind

Katika semina yetu ya nadharia za uhakiki liliulizwa swali ambalo bado linazungumzwa vibarazani mwa mabweni: ikiwa kila mchezaji wa Morrowind anacheza Morrowind yake, mhakiki anahakiki nini? Aliyeuliza alikusudia kufunga mjadala. Alisema riwaya ni riwaya, ukurasa wa 40 wangu ndio wa 40 wako; lakini mchezo wa kompyuta uliobandikwa viraka mia mbili hauna matini, una ladha ya mtu tu. Watu wakacheka, kipindi kikaisha. Mimi sikuridhika. Ninadai katika makala haya kwamba kuchagua viraka ni uhakiki wenyewe, tena wa kale kuliko huu wa fani na maudhui tuliouzoea, na kwamba viko viraka vizuri na vibaya kwa sababu zinazoweza kujadiliwa darasani.

Kwa wale ambao hawajaucheza: The Elder Scrolls III: Morrowind ulitolewa na Bethesda Softworks mwezi Mei 2002. Mchezaji ni mfungwa anayeteremshwa melini katika kijiji cha Seyda Neen, kisiwani Vvardenfell, nchi ya Wadunmer, watu wenye ngozi ya rangi ya majivu na macho mekundu. Polepole anaambiwa kwamba huenda yeye ni Nerevarine, yaani shujaa Nerevar aliyezaliwa mara ya pili. Utabiri huo umetunzwa kwa mdomo na Waashlander, wafugaji wanaohamahama katika nyika za majivu. Hekalu la dola linauita uzushi, huku likificha maandishi yanayotia shaka historia yake lenyewe. Vitabu vilivyomo ndani ya mchezo vinapingana kuhusu namna Nerevar alivyokufa, na hakuna anayekuja kutuambia kipi ni kweli. Sisi tuliokaa miaka mitatu tukibishana kuhusu fasihi simulizi na fasihi andishi, kama hapo hatuoni la kuhakiki, basi tena.

Sasa hizo modi. Diski ya mchezo ule wa kompyuta ilikuja na programu ya kuutengenezea, Construction Set, kwa hiyo mnunuzi yeyote aliweza kuongeza nyumba, kubadili maneno ya mhusika, au kufuta mnyama. Modi ni faili lisemalo: rekodi fulani ya mchezo isisomwe ilivyo, isomwe hivi nilivyoiandika mimi. Faili kuu huishia na herufi esm, la nyongeza huishia na esp. Modi mbili zikigusa rekodi moja, inayopakiwa mwisho ndiyo inayosikilizwa. Katika mchezo wa asili mpangilio huo hufuata tarehe ya faili, basi! Mtu anabadilisha tarehe ya faili na mji mzima unabadilika.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wanakili wa tenzi. Mwaka 1970 J. W. T. Allen aliorodhesha miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Yeyote aliyewahi kugusa uhariri wa tenzi anajua kwamba nakala mbili za utenzi mmoja hazilingani: huku ubeti umezidi, kule neno limebadilika kwa sababu mnakili hakuisoma hati ya Kiarabu sawasawa, au aliona lake ni bora. Mhariri hawezi kukimbia, lazima achague. Na hakuna aliyesema Al-Inkishafi haina matini kwa sababu kabla ya chapa ya Hichens ya 1939 watu waliisoma katika nakala za mkono. Mbona kwa mchezo wa kompyuta tunataka usafi ambao hatuwadai washairi wetu?

Hata makosa yanafanana. Mtengeneza modi anafungua rekodi ya mlango ili aitazame tu, anausogeza kidogo bila kukusudia, anahifadhi kazi yake. Tayari faili lake linadai mamlaka juu ya mlango ule, na modi nyingine iliyokuwa imeupanga vizuri inanyamazishwa. Watengenezaji huziita rekodi za namna hiyo chafu. Kibaya zaidi ni rekodi 72 za mipangilio ya mchezo ambazo Construction Set yenyewe ilizipenyeza ndani ya modi za watu: asili yake ni nyongeza mbili rasmi, Tribunal ya 2002 na Bloodmoon ya 2003, na zikipakiwa hufuta yale ambayo modi nyingine ilibadilisha kwa makusudi. Mwandishi wa modi hana habari kabisa. Ni kama kalamu imeongeza mishororo yenyewe! Iko programu ndogo, tes3cmd, inayosafisha uchafu huo, na mtu asiyeipitisha kwenye modi za zamani asije akalaumu mchezo.

Ninajua wengi wetu tunatumia kompyuta za mtumba, na ndiyo sababu mojawapo ya kuupenda mchezo wa 2002. Kwa hiyo niseme machache ya utendaji, kisha nirudi kwenye hoja. Weka nakala safi ya folda ya mchezo mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Ongeza modi moja, ingia, tembea mahali inapohusika, toka, ndipo uongeze ya pili. Wanaoshusha orodha nzima ya mtu mwingine usiku mmoja ndio hao wanaolalamika asubuhi kwamba mchezo unajifunga wenyewe, na wakiulizwa ni modi gani hawajui. Ukiona alama kubwa ya njano ya mshangao imesimama mahali palipotakiwa mti au kiti, usiite fundi: umbo la kitu hicho halimo kwenye folda, pengine ulisahau kunakili sehemu ya modi au uliinakili folda ndani ya folda. Usijaribie modi kwenye mchezo uliouhifadhi kwa miezi; anza mpya, kwa maana faili la kuhifadhia hubeba masalia ya modi hata baada ya kuiondoa. Na modi mbili zikiongeza wanyama katika orodha ileile, ya mwisho itaifuta ya kwanza mpaka uziunganishe kwa programu. Kisha kuna chaguo la injini. Morrowind Code Patch hurekebisha programu yenyewe ya Bethesda, ilhali OpenMW ni injini iliyoandikwa upya na wanaojitolea, inayosoma mafaili yaleyale ya mchezo. Huwezi kuvaa zote mbili, kwa kuwa ya kwanza inatibu mwili ambao ya pili imeuacha.

Hayo ni ya fundi. Ya mhakiki yanaanza pale mchezo unapofanya kazi vizuri na bado unakukera. Je, kero hiyo ni dosari au ni sanaa?

Chukua suala la kukosa shabaha. Mchezaji mgeni anatoka Seyda Neen anakimbia, anakutana na panya, anampiga kwa kisu. Kwa macho yake anaona kisu kimempitia panya, lakini mchezo unasema amekosa. Anapiga tena, anakosa tena. Anaufunga mchezo kwa matusi. Kinachotokea ni kwamba kupata au kukosa kunapigiwa hesabu kwa ustadi wa silaha, wepesi, bahati na uchovu, na yule aliyekimbia njia nzima amefika hoi. Zipo modi zinazofanya kila pigo linalogusa lipate. Ni modi zinazopendwa sana, na ninasema ni kiraka kibaya. Hadithi nzima inahusu mtu asiye kitu ambaye huenda ni mteule. Kabla yake walikuwako wengine waliodhaniwa ni Nerevarine wakashindwa, na mchezaji anazikuta roho zao pangoni zikimsimulia walivyoangamia. Ukimpa mfungwa mkono usiokosa tangu siku ya kwanza, umeshajibu swali ambalo matini inataka alibebe mpaka mlimani. Ninakubali kwamba uwasilishaji una kasoro: jicho linaona pigo na sikio halisikii lolote la kumweleza mtu kwa nini. Kiraka cha kuonyesha mhusika akikwepa ningekipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kingetibu fani bila kuua maudhui.

Suala la maelekezo ni gumu zaidi. Morrowind haumwekei mchezaji mshale wa kumwonyesha aendako, jambo ambalo Oblivion wa 2006 uliliweka. Unaambiwa kwa maneno: fuata njia mpaka darajani, pinda kaskazini, utaona mawe mawili. Tatizo ni kwamba mahali pengine maneno hayo si sahihi, mashariki imeandikwa pakiwa magharibi, na Patch for Purists, mkusanyiko mkubwa wa marekebisho, umeyasahihisha. Mwenzangu mmoja ananipinga vikali hapa. Anasema mtu anayeulizwa njia hukosea, hata huku kwetu muulize mzee njia atakwambia "hapo tu" ukatembee saa nzima, kwa hiyo kosa la mhusika ni uhalisia. Hoja nzuri, lakini haitenganishi mhusika na mtunzi. Kanuni yangu ni hii: kama kosa limo katika maneno ya mhusika peke yake, na mhusika huyo ana sababu ya kutojua, liachwe, kama daftari la safari la mchezaji nalo linalirudia, au kama msemaji ni mwenyeji aliyezaliwa hapohapo, basi aliyekosea ni mtunzi, na mtunzi asahihishwe. Ama modi za kuweka mishale, hizo sina maneno. Zinamnyang'anya mchezaji kazi ya kuwasikiliza wenyeji, katika hadithi ambayo wenyeji ndio waliohifadhi ukweli kwa mdomo.

Halafu kuna wahusika muhimu. Katika Morrowind unaweza kumuua mtu ambaye kisa kinamhitaji. Mchezo unakuarifu kwamba uzi wa utabiri umekatika, urudi nyuma au uendelee katika ulimwengu ulioharibika. Katika Oblivion mtu kama huyo anazimia tu, kisha anainuka anajikung'uta vumbi. Modi za kuleta desturi hiyo Morrowind zinajiita za usalama. Usalama wa nani? Hata ukimuua Vivec, mungu anayeishi, mchezo umeacha njia ya uchochoroni kupitia Yagrum Bagarn, mtu wa mwisho wa kabila la Dwemer lililotoweka. Njia hiyo ni ya mateso, lakini ipo. Maana yake ni kwamba mtunzi aliona mbali kuliko mtia viraka: utabiri unaweza kukatika na mtu akafika.

Kwa cliff racer mimi ni mlegevu. Hawa ni viumbe warukao wanaokufuata toka mlima hadi mlima, wanakera kuliko mbu wa masika, na idadi yao haielezi chochote isipokuwa kwamba aliyeipanga hakuwahi kusafiri kwa miguu kwenda Ald'ruhn. Watunzi wenyewe walikiri kwa mzaha: katika Oblivion tunasikia kwamba Jiub, yule mfungwa anayemwamsha mchezaji melini, amekuwa mtakatifu kwa kuwafukuza. Ukiwapunguza hutendi dhambi.

Limebaki la dawa, ambalo ndilo ninalobishana nalo mpaka sasa. Akili ya mhusika huongeza nguvu ya dawa anazochanganya, na ipo dawa ya kuongeza akili. Anayekunywa ya kwanza anachanganya ya pili iliyo kali zaidi, anakunywa, anachanganya, na baada ya dakika chache ana nguvu zisizo na kipimo. Code Patch ina chaguo la kuziba mwanya huo, na kwa mizani ya mchezo ni haki kuuziba. Lakini hebu tazama miungu wa nchi hii walivyopata uungu: kwa kutumia zana za Kagrenac juu ya moyo wa mungu aliyekufa, yaani kwa kuukuta mwanya katika kanuni za ulimwengu na kuupitia. Mchezaji anayejilevya kwa dawa mpaka anaruka juu ya milima amefanya walichofanya wao. Sijui kama mtunzi alikusudia, na kwa mhakiki si lazima nijue. Mwanya ule nimeuacha wazi na siutumii.

Kwa modi zinazoongeza ardhi sina ugomvi. Tamriel Rebuilt, wanaojenga bara lililo nje ya kisiwa kwa zaidi ya miaka ishirini, wanaandika juzuu jipya bila kufuta la kwanza, na wahakikiwe kama waandishi wapya.

Namrudia sasa yule mwenzetu wa semina. Anayeandika juu ya utenzi hutaja ametumia mswada upi. Basi anayeandika juu ya Morrowind ataje naye. Yangu ni hii: OpenMW, nyongeza zote mbili rasmi, Patch for Purists isipokuwa pale nilipoyarudisha maelekezo matatu ya wahusika wageni, cliff racer nusu, Tamriel Rebuilt, na mapigo yanakosa kama yalivyokosa mwaka 2002. Mwenye mswada tofauti aulete, tuweke nakala mbili mezani.