Sampu Ndiyo Inayoamua

Anayejiundia gari dogo la michezo nyumbani kwanza hupima urefu wa boneti. Si vibaya, lakini katika barabara za Kibaha na Kisarawe injini hukwama kwa chini.

Umbo linaloigwa sana duniani ni la Lotus Seven ya Colin Chapman ya mwaka 1957. Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu kilichomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kuunda gari la aina hiyo: fremu ya skwea paipu ya milimita 25, injini mbele, nguvu ikienda magurudumu ya nyuma. Kibaha ina Nyumbu, shirika la teknolojia ya magari tangu 1985, lakini jina lake limejengwa na lori, na kwenye lori nafasi ya injini si ugomvi.

Injini za kuchagua tunazo barabarani. Toyota Altezza ilikuja na mbili za lita 2: 3S-GE ya silinda nne na 1G-FE ya silinda sita. Ujazo karibu sawa, urefu tofauti. Silinda ya 3S-GE ina kipenyo cha milimita 86, mara nne ni 344. Ya 1G-FE 75, mara sita ni 450, na kuta za katikati hujazihesabu. Sita itasukuma radieta mbele au giaboksi miguuni kwa dereva. Chukua nne. Anayependa mlio wa sita anunue Mark II.

Boneti ikiwa fupi kwa kimo, injini hushushwa, na sampu, bakuli la oili chini ya injini, huchungulia chini ya fremu. Uingereza huenda ikapona. Kwenye matuta ya Barabara ya Morogoro, au ukikatiza Kiluvya kwenda Kisarawe, itapasuka na oili yote kumwagika. Kwa hiyo sampu hukatwa kina, kisha huongezwa mabawa ubavuni ili ujazo wa oili usipungue. Ndani huchomelewa vizuizi, maana kwenye kona oili hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa. Bomba la kunyonyea nalo hufupishwa kwa kipimo kilekile. Fundi akisahau hili la mwisho, sampu haifungi, au ikifunga bomba linaziba kwenye sakafu yake.

Ndipo injini ipangwe. Tumia bloku tupu iliyofungwa giaboksi, ni nyepesi kuhamisha. Iegeshe juu ya vipande vya mbao, chasisi ikiwa sawasawa kwa pimamaji, halafu tazama propela shafti: flenji ya giaboksi na ya difu ziwe sambamba, ili pembe za krosi mbili zilingane. Zisipolingana gari litatetemeka, na hakuna mpira wa mauntini utakaoponya hilo. Shafti ya usukani hupita kulia, kwa hiyo manifodi ya eksozi ikiangukia upande huo, ongeza krosi na beringi ya kuishikilia katikati.

Tangi la maji liwe juu kuliko silinda hedi, la sivyo hewa itabaki humo na injini itachemka kwenye foleni ya Mbezi.

Mauntini zishikize kwa nukta chache tu za welding. Funga stata, filta ya oili na klachi, kisha jaribu kuvifungua tena kwa spana za kawaida. Kisichofunguka kinamaanisha injini isogezwe kabla ya kuchomelea moja kwa moja.