Kilichobaki kwenye Karai: Kupima Kazi ya Waveleti

Anayenunua mawe ya dhahabu Geita hababaishwi na ukubwa wa rundo. Anaomba konzi moja ya unga uliosagwa, anaiosha kwenye karai, anaangalia kilichobaki chini. Mchambuzi wa data anayejisifu kwamba karibu matriksi yake yote imegeuka sifuri naye apimwe hivyo: kwa kilichobaki.

Rundo lenyewe ni kubwa kweli. Mti wa bakteria wa hazina ya data ya Greengenes, katika toleo la ulinganifu wa asilimia 97, una majani 99,322, kila moja kundi la bakteria. Matriksi yake inaandika, kwa kila majani mawili, urefu wa njia yanayochangia tangu shinani kabla ya kuachana. Hizo ni namba karibu bilioni 10, na kompyuta ya kawaida haizibebi. Mwaka 2023 Evan Gorman na Manuel Lladser walionyesha kwamba waveleti za aina ya Haar, yaani safu za namba zinazolinganisha pande mbili za panda, moja kwa kila panda ya mti, huipunguza hadi ikabebeka.

Usianze na matriksi, omba mti. Matawi yana urefu? Kuna panda za matawi matatu au manne? Waveleti hizi zinataka mawili mawili, na fundi mwaminifu atakwambia amezipasua vipi zile za zaidi. Kisha chagua panda ndogo ukokotoe kwa mkono. Kushoto kukiwa na majani matatu na kulia moja, kila jani la kushoto linapewa 0.289, la kulia −0.866. Ukijumlisha unapata sifuri, ukiacha desimali za kukadiria. Ukijumlisha miraba yake, 1. Isipotoka, funga faili. Michoro ya rangi itangoja.

Sasa sifuri zenyewe. Kwenye matriksi mpya, panda mbili ambazo hakuna iliyo mzazi wala babu wa mwenzake lazima zikutane kwa sifuri kamili. Panda iliyo chini ya nyingine hailazimiki, na hapo ndipo namba chache husalia nje ya ulalo. Anayelipua kazi huzifuta nazo kimyakimya ili asilimia ipendeze.

Halafu uliza panda zilizobaki zinasema nini. Chukua sampuli za choo za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Utafiti wa jarida la Science wa 2017 ulikusanya sampuli 350 za watu 188: familia za bakteria kama Prevotellaceae zilififia masika, msimu wa asali na matunda ya porini, zikarudi kiangazi, msimu wa nyama. Ukiletewa data kama hiyo na jibu likawa tu kwamba misimu inatofautiana, hujaletewa kitu. Waveleti zikuoneshe panda yenyewe na upande uliopungua. Pia mchambuzi aseme amejaribu panda ngapi kabla ya kuitaja hiyo: kwa kizingiti cha kawaida cha asilimia 5, kwenye mti mzima wa Greengenes panda karibu 5,000 zingeng'ara kwa bahati tu.