Kitabu cha Okidi na Kilima cha Nyumbani

Nilifundisha somo la baiolojia katika vyuo vya ualimu kwa miaka 31, na miaka 9 ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo. Katika muda huo nilichora ua ubaoni mara zisizo na idadi. Lilikuwa ua safi, lenye sepali, petali, stameni na pistili, kila kimoja na mshale wake. Wanachuo walilinakili, nikawapa mtihani, wakafaulu, wakaenda kulichora katika mbao nyingine huko walikopangiwa kazi. Nyuma ya mabweni yetu kulikuwa na kilima ambacho kila masika kilichanua okidi. Sikumbuki hata siku moja niliyowatoa wanachuo darasani nikawapandisha kilima kile. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, nami nilikuwa mmoja wa hao waliokaa penye miti.

Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu kitabu ninachotaka kukihakiki ndicho kilichonikumbusha kosa hilo, na si haki mhakiki kuwaficha wasomaji hali aliyosomea. Kitabu chenyewe ni kile alichokitoa Charles Darwin mwaka 1862, kuhusu namna okidi zinavyochavushwa na wadudu. Wengi wanamfahamu Darwin kwa kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya asili ya spishi, na wengi wao wamekigombania bila kukisoma. Hiki cha okidi hakigombaniwi na mtu, na pengine ndiyo maana hakisomwi. Nakala yangu niliachiwa na mkufunzi mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Ilikaa rafuni kwangu miaka mingi, hadi masika yale yaliyoanza Desemba 2022 na kuisha Aprili 2023. Nilikuwa na miaka 74, magoti yanalalamika, na muda ninao.

Nyumbani ni Makete, si mbali na uwanda wa Kitulo. Msomaji asiyefika huku na aelewe kwamba Kitulo ni nchi ya nyasi iliyoinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, baridi wakati wote, na mvua inapokuja hugeuka zulia la maua. Watu huuita Bustani ya Mungu. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na eneo lake ni kilomita za mraba 412.9. Humo zimehesabiwa aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi. Lakini mimi sikusomea kitabu changu hifadhini. Nilikisomea kwenye kilima kilicho juu ya shamba langu la viazi, nje kabisa ya mpaka wa hifadhi, mahali ambapo ng'ombe hupita na watu hukata majani. Tofauti hiyo ni kubwa, kama itakavyoonekana.

Sasa tukitazame kitabu. Sifa yake ya kwanza ni kwamba kimeandikwa na mtu aliyepiga magoti. Darwin wa kitabu hiki si yule kijana aliyezunguka dunia kwa meli. Ni mzee mgonjwa wa tumbo, baba wa watoto wengi, anayechunguza okidi za mteremko ulio karibu na nyumba yake huko Kent. Kiangazi cha mwaka 1861 alikwenda na familia yake Torquay, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, na huko nako akaendelea na okidi. Mwanawe George alimsaidia kuvizia wadudu. Vifaa vyake vingi ni vile ambavyo shule yoyote inaweza kuvipata: penseli iliyochongwa vizuri, sindano, kengele ya kioo ya kufunikia mmea ili wadudu wasiufikie.

Kwa mfano, anamwambia msomaji achukue penseli na kuisukuma taratibu ndani ya ua, kama mdudu anavyoingiza ulimi wake kutafuta maji matamu. Penseli ikitoka, imebandikwa vifurushi viwili vya chavua, vimesimama kama pembe. Subiri. Baada ya nusu dakika hivi vifurushi vinainama mbele vyenyewe, na sasa vimeelekea mahali hasa vinapotakiwa kugusa katika ua litakalofuata. Anaeleza haya kwa utulivu, hatua kwa hatua, wala hamwombi msomaji amwamini. Anamwomba ajaribu.

Basi nilijaribu. Pale kilimani kulikuwa na kundi la okidi za jenasi ya Satyrium, nyeupe zenye wekundu wa mbali, kila ua na mirija miwili inayoning'inia nyuma kama mikia. Tarehe 8 Januari nilihesabu mashina 37. Nikamwita mjukuu wangu wa darasa la tano aje na penseli yake ya shule. Alipoichomoa, chavua ya njano ilikuwa imeng'ang'ania ncha yake. Alipiga kelele hata kinyonga aliyekuwa kijitini karibu yetu akaanza kujiondokea, kwa mwendo wake ule wa kusitasita. Vifurushi vyetu havikuinama kama vya Darwin, kwani okidi yetu si ile yake. Lakini mtoto yule alijifunza kwa dakika moja kile ambacho mimi nilikifundisha kwa miaka 31 bila kukigusa.

Tulipima mirija kwa uzi, tukapata zaidi kidogo ya sentimita 3. Kitabu kinatufundisha kuuliza: ni nani mwenye ulimi wa urefu huo? Hapa ndipo ilipo sura mashuhuri kuliko zote, ile ya okidi nyeupe ya Madagaska yenye mrija wa karibu sentimita 29. Darwin aliletewa ua hilo, akaupima mrija, akasema kwamba huko Madagaska lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika chini kabisa. Alifariki mwaka 1882 nondo huyo akiwa bado hajatambuliwa. Mwaka 1903 akaelezwa na wataalamu, naye ni ndugu wa karibu wa nondo aishiye huku kwetu bara. Sisi tulikaa kilimani jioni tano tumejifunika mablanketi. Jioni nne tuliambulia baridi, na buibui mmoja mweupe aliyejibanza uani kumvizia mgeni yule yule tuliyekuwa tukimvizia sisi. Jioni ya tano, mwanga ukiwa umebaki kidogo, nondo wa kijivu alisimama hewani mbele ya ua, mbawa zikitetema, akaingiza ulimi, akaondoka. Haikuzidi pumzi tatu.

Kwa hiyo kwa upande wa ua, kitabu kinasimama imara mbele ya shahidi. Hata hivyo kina makosa, na kosa moja lina funzo. Ziko okidi ambazo mirija yake haina maji matamu hata tone. Mjerumani Sprengel aliliona hilo mwaka 1793, akasema maua hayo yanawadanganya wadudu. Darwin alikataa. Aliona haiwezekani nyuki aliye mwerevu adanganywe kizazi baada ya kizazi, akajaribu kutafuta maji hayo ndani ya ngozi ya mrija. Leo yajulikana kwamba Sprengel alikuwa sahihi, na kwamba aina nyingi sana za okidi huishi kwa ulaghai huo. Mtazamaji mkubwa vile alishindwa kuona kilichokuwa mbele yake kwa kuwa alikipenda mno asiweze kukishuku. Walimu tunalijua kosa hili, maana ndilo tunalolifanya kwa mwanafunzi hodari.

Lakini upungufu ulionisumbua zaidi si huo. Kitabu kizima kinashughulika na nusu ya mmea iliyo juu ya ardhi. Mwishoni Darwin anahesabu mbegu. Katika aina moja ya Uingereza tumba moja lilikuwa na mbegu kama 6,200, na mmea mmoja wenye matumba 30 ukazidi mbegu 186,000. Anaonyesha kwamba mbegu zote zikiota, vitukuu vya mmea mmoja vingekaribia kuifunika nchi kavu yote ya dunia. Kisha anakiri kwamba hajui kinachovizuia. Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya udongo. Mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, na haiwezi kuendelea mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1899.

Na chini ya udongo kuna jambo jingine, ambalo kilima changu kilinifundisha mwezi Machi. Nilipanda asubuhi moja nikakuta mashina 12 tu. Pale yalipokuwa mengine 25 palikuwa na vishimo vidogo, vimechimbwa kwa ustadi. Siku mbili baadaye nilimkuta mchimbaji mwenyewe, mama wa kijiji chetu, na kijembe na mfuko wa salfeti.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za kazi?"

"Nzuri, Mwalimu. Tunahangaika."

Nilijua anahangaikia nini. Viazi vya okidi husafirishwa kwenda Zambia, ambako husagwa, huchanganywa na karanga na pilipili, hupikwa mpaka vikagandamana, na huliwa kwa jina la chikanda. Ni chakula cha zamani cha vijijini kilichopata wateja mijini. Huko viazi vimeadimika, wafanyabiashara wakavuka mpaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka nyanda zetu za juu kusini kila mwaka vilifika mamilioni.

Sikumgombeza. Nilimwomba anionyeshe. Alichimba shina moja akaniwekea kiganjani viazi viwili. "Huyu mzee amesinyaa, hana kitu," akasema. "Huyu mtoto ndiye mwenye unga." Kiazi kilichosinyaa ndicho kilichozaa shina la mwaka ule, na kile kinono ni akiba ya shina la mwaka ujao. Mama yule hajapata kusikia jina la Darwin, lakini alikuwa akinisomea sura ambayo Darwin hakuiandika. Nikamwuliza, je, hawezi kungoja mbegu zipukutike ndipo achimbe? Akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, shina likishakauka nitajuaje kiazi kiko wapi? Na madaftari ya watoto je, yatangoja?"

Nilirudi nyumbani nikakifungua kitabu upya. Kinasema, kurasa nyingi na kwa haki, kwamba rangi, umbo na mrija wa ua vinaweza kuelezwa kwa kazi ya kumwita mdudu na kumwelekeza. Pale kwetu ua lile lile linaloita nondo linaita na jembe. Kadiri linavyoonekana vizuri, ndivyo linavyochimbwa mapema. Ufundi wote ule ambao Darwin aliustaajabia, kwenye kilima kisicho na mlinzi umekuwa alama ya kumwonyesha mchimbaji mahali pa kupiga. Hifadhini kuchimba kumekatazwa, na ni vyema. Lakini okidi hazijui mpaka, na watoto wa mama yule hawali sheria.

Je, ni haki kumlaumu mtu wa mwaka 1862 kwa soko la chikanda? La hasha. Hata kwao viazi vya okidi vililiwa zamani, vikatengenezewa kinywaji cha moto kilichouzwa mitaani London, lakini hiyo haikuwa mada yake. Lawama yangu ni kwetu tuliomfuata. Sisi walimu tulirithi nusu ya juu ya mmea, tukaichora ubaoni na mishale yake, tukaacha nusu ya chini kwa wenye majembe. Matokeo yake anayelijua ua hajui kiazi, na anayejua kiazi hakufundishwa habari za mbegu, kuvu wala nondo. Huenda mama yule alifundishwa na mwalimu niliyemfundisha mimi. Kama ni hivyo, ua lililomfikia darasani halikuwa na chochote cha kumsaidia siku aliyoshika kijembe.

Kwa mwalimu wa sayansi asomaye Kiingereza ninakipendekeza kitabu hiki bila kusita, kwa sharti kwamba asikisomee kitini. Kina sura ngumu, na katikati maelezo ya viungo vidogo vidogo yanachosha. Aziruke, aende na penseli. Ila ninachokitamani zaidi ni kitabu cha Kiswahili cha okidi zetu, kitakachoanzia kwenye kiazi na kupanda hadi uani, na mwandishi wake awe amefuatana na wachimbaji msimu mzima kabla ya kushika kalamu. Mimi nimechelewa kukiandika. Nimemwachia mjukuu daftari lenye hesabu za kilima.

Januari 2024 tulipanda tena. Tulihesabu mashina 15. Mama yule alitupita njiani, tukasalimiana, akauliza tumeona mangapi. Mjukuu alinitazama kwanza. Nikamruhusu amjibu.