Wesley Enoch: Mwongozaji, Tamasha na Lugha Iliyonyamazishwa

Katika ufundishaji wa tamthilia ya Kiswahili tumezoea kumweka mtunzi mbele na mwongozaji nyuma. Tunasoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tunachambua wahusika, dhamira na mtindo, kisha tunafunga kitabu. Nani aliyeamua mhusika asimame wapi, nani aliyetafuta fedha za ukumbi, nani aliyechagua kwamba mwaka huu ioneshwe tamthilia hii na si ile, hayo hatuyaulizi. Makala haya yanamwangalia mtu ambaye kazi yake yote imekuwa kuyajibu maswali hayo: Wesley Enoch wa Australia, mtunzi, mwongozaji wa tamthilia, na mkurugenzi wa Tamasha la Sydney kuanzia mwaka 2017 hadi 2021. Nashikilia mambo mawili. Kwanza, kazi yake ndogo kuliko zote ndiyo iliyo na uzito kuliko zote. Pili, jambo alilolifanyia lugha katika tamasha lake linatuhusu sisi walimu wa lugha, tena linatuhusu kwa mazuri yake na kwa upungufu wake.

Enoch alizaliwa mwaka 1969. Asili yake ni Minjerribah, kisiwa kilicho karibu na jiji la Brisbane, ambacho wakoloni walikiita North Stradbroke. Ndicho kisiwa kilichomtoa Oodgeroo Noonuccal, ambaye diwani yake ya mwaka 1964 ilikuwa ya kwanza ya mashairi kuchapishwa na Mwaborijini. Kwa msomaji asiyeyafahamu mazingira hayo, itoshe kusema kwamba Waingereza walipotia nanga mahali panapoitwa Sydney leo, tarehe 26 Januari 1788, bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250. Nyingi kati ya hizo leo hazina msemaji aliyezinyonya pamoja na maziwa ya mama. Hazikufa kwa uzee. Watoto walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao na kupelekwa kwenye makambi, misheni na nyumba za Wazungu, ambako kusema lugha ya nyumbani kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Mwalimu yeyote wa umri mkubwa aliyewahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya mama yake atalielewa hilo bila maelezo.

Katikati ya miaka ya 1990 Enoch aliongoza kikundi cha Kooemba Jdarra huko Brisbane. Mwaka 1995 yeye na mwigizaji Deborah Mailman walitunga The 7 Stages of Grieving, yaani hatua saba za kuomboleza. Mwigizaji ni mmoja tu, mwanamke, naye Mailman ndiye aliyeigiza. Hakuna kisa kimoja kinachoanza na kuisha. Kuna vipande vifupi: msiba wa bibi, kesi ya kijana aliyefia mikononi mwa polisi, kichekesho cha mwanamke anayekwenda dukani kununua gauni huku akifuatwa na macho ya wauzaji kama mwizi. Juu ya jukwaa linaning'inia pande la barafu, nalo linayeyuka tone baada ya tone muda wote wa mchezo. Hatua saba za kuomboleza zimeoanishwa na vipindi saba vya historia ya Waaborijini, kuanzia nyakati za asili yao, kupitia uvamizi na mauaji ya halaiki, hadi siasa za upatanisho.

Kuna onyesho moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa tamthilia alitafute. Mwanamke anapanga vichungu vya mchanga sakafuni. Kichungu hiki ni ardhi, hivi ni mababu, hivi ni wazazi, huyu anaweza kumwoa yule, watoto wao wanahesabiwa upande huu. Anaeleza kwa upole, kama mwalimu wa darasa la pili, na mtazamaji anaanza kufurahia kwamba ameuelewa mfumo wa ukoo ambao ulionekana mgumu. Kisha anaeleza kilichotokea watoto walipochukuliwa, na mkono unapita juu ya mchanga. Basi. Hakuna kilio wala hotuba.

Kwa nini onyesho hili lina nguvu? Kwa maoni yangu ni kwa sababu linamfundisha mtazamaji kwanza, halafu linakivunja kile alichojifunza dakika hiyo hiyo. Hasara anayoiona si ya watu wa mbali tena; ni hasara ya kitu alichokuwa amekishika mwenyewe. Hapa uandishi na uongozaji haviwezi kutenganishwa. Ukiisoma matini bila kuuona mchanga, utapata somo la elimu-jamii. Penina Muhando katika Lina Ubani (1984) aliutumia utambaji wa ngano kwa namna inayokaribiana na hii, akimwachia mtambaji aishike historia ya taifa mkononi mwake, na mwanafunzi anayetaka mada ya tasnifu ya ulinganishi anaweza kuanzia hapo.

Mwaka 1998 Enoch aliongoza Stolen ya Jane Harrison huko Melbourne. Tamthilia hiyo inahusu watoto watano walioporwa kutoka kwa familia zao, na ilikuja mwaka mmoja tu baada ya ripoti ya tume iliyochunguza suala hilo. Mwishoni waigizaji wanavua uhusika na kusema wenyewe, kwa majina yao halisi, jambo hilo liliwagusa vipi. Wahakiki wa aina fulani wataona kwamba hilo ni kutoka nje ya sanaa. Sikubaliani nao. Serikali ya Australia haikuomba radhi rasmi hadi tarehe 13 Februari 2008, miaka kumi baadaye. Katika nchi ambayo tukio lenyewe lilikuwa bado linabishaniwa bungeni, mwigizaji kusema "hata mama yangu" kulikuwa ushahidi, na ushahidi una nafasi yake jukwaani.

Zilifuata kazi nyingi ambazo sitazichambua moja moja: The Sunshine Club (1999), iliyokuwa ya muziki, Black Medea, iliyoichukua hadithi ya Kiyunani na kuipeleka jangwani, The Sapphires ya Tony Briggs (2004), kuhusu wanawake wanne waimbaji waliokwenda Vietnam kuwatumbuiza wanajeshi, ambayo baadaye iligeuzwa filamu. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2015 aliongoza Queensland Theatre Company, mojawapo ya kampuni kubwa za maigizo nchini humo. Huko, mwaka 2013, aliiweka jukwaani Mother Courage ya Brecht kwa waigizaji wenyeji watupu, naye Ursula Yovich akamwigiza mama yule mchuuzi wa vitani.

Black Diggers ya mwaka 2014 yafaa tuitazame kidogo. Mwandishi wake ni Tom Wright, Enoch aliiongoza. Inahusu Waaborijini waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza wakiwa chini ya bendera ya dola isiyowahesabu kuwa raia kamili, kisha wakarudi nyumbani kukuta mashamba ya wanajeshi wastaafu yanagawiwa wengine. Wanaume tisa wanaigiza watu wote, wakiwamo Wazungu. Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji daraja refu kufika hapo. Vita ile ile iliwasomba wapagazi wetu kwa maelfu, na majina ya Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi ndiyo makumbusho waliyopewa. Hata hivyo, vionyesho vya Black Diggers ni vingi na vifupi mno. Mtazamaji anampenda askari mmoja, na kabla hajakaa vizuri ameshaletewa mwingine. Nia inaeleweka: waliosahauliwa walikuwa wengi, kwa hiyo waonekane wengi. Lakini wingi haukumpa hata mmoja wao kile ambacho vile vichungu vya mchanga viliwapa wote.

Hapo ndipo tunapofika kwenye tamasha, kwa kuwa tatizo la tamasha kubwa ni hilo hilo la wingi. Tamasha la Sydney hufanyika kila Januari, mwezi ambao pia una tarehe 26, sikukuu ya taifa ambayo wenyeji wengi huiona siku ya msiba. Mkurugenzi aweza kuipita tarehe hiyo kimya, akaleta wacheza sarakasi na fataki. Enoch hakuipita. Mwaka 2019 alianzisha mkesha ulioitwa The Vigil, usiku wa kuamkia tarehe hiyo, pale Barangaroo kando ya bahari, moto ukiwaka hadi alfajiri. Watu hawakuuziwa onyesho. Walialikwa kukesha, kama tunavyokesha matangani.

Jambo linalotuhusu zaidi lilitokea katika tamasha lake la kwanza, mwaka 2017. Chini ya jina Bayala, neno linalohusu kusema katika lugha ya wenyeji wa Sydney, tamasha liliweka madarasa ya lugha hiyo, bila malipo, katikati ya ratiba ya maigizo na muziki. Watu wa jiji walikuja kukaa kitako na kujifunza lugha ya ardhi waliyokuwa wakiikanyaga tangu kuzaliwa. Palikuwapo pia uimbaji wa pamoja wa hadharani katika lugha hiyo.

Lugha yenyewe imetufikiaje? Kwa sehemu kubwa kupitia madaftari ya William Dawes, luteni na mnajimu aliyefika na meli za mwaka 1788. Msichana aliyeitwa Patyegarang alimfundisha, naye akaandika si orodha ya maneno tu, bali mazungumzo yao. Limo neno putuwa, maana yake kuota mkono motoni kisha kuufinya kwa upole mkono wa mwenzako ili naye apate joto. Madaftari hayo yamehifadhiwa London katika maktaba ya SOAS, ambako yalikaa bila kujulikana sana hadi miaka ya 1970. Wasomaji wa jarida hili wanaijua maktaba hiyo kwa sababu nyingine: humo zimo hati za tenzi za Kiswahili za makusanyo ya Taylor na Hichens. Anayesafiri kutoka kwetu kwenda kusoma hati za Lamu na Mombasa anaketi chini ya paa moja na sauti ya Patyegarang.

Je, madarasa ya siku chache hufundisha lugha? Hayafundishi, na mwalimu ye yote anajua hivyo. Anayejifunza salamu kumi Januari atakuwa amesahau nane ifikapo Machi. Kuna hatari pia kwamba mwenye jiji aimbe wimbo jioni moja, aone deni limelipwa, arudi nyumbani akiwa mwepesi moyoni. Hapa Uganda Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na sote tumeshuhudia umbali uliopo kati ya tangazo na darasa lenye mwalimu na vitabu. Kinachokosekana katika mpango wa Enoch ndicho kinachokosekana kwetu: siku ya pili. Lakini alitambua jambo ambalo sisi tumechelewa kulitambua, kwamba lugha inahitaji mahali pa kutamaniwa kabla ya kupewa mahali pa kutahiniwa. Wanafunzi wetu wengi hukutana na Kiswahili kwanza kwenye karatasi ya mtihani. Wakazi wale wa Sydney walikutana na lugha yao mpya penye muziki.

Mwaka 2014 Enoch alichapisha insha, Take Me to Your Leader, iliyowalaumu viongozi wa sanaa wa Australia kwa kujificha nyuma ya bajeti na kukwepa mijadala ya hadhara. Ni maneno makali kwa mtu aliyekuwa mwenyewe anaendesha kampuni kubwa. Februari 2025 bodi ya Creative Australia, chombo cha taifa cha kugharimia sanaa, ambayo yeye alikuwa mjumbe wake, ilimwondoa msanii Khaled Sabsabi katika uwakilishi wa nchi kwenye maonyesho ya Venice ya mwaka 2026, siku chache tu baada ya kumteua na huku wanasiasa wakipiga kelele. Julai mwaka huo huo uteuzi wa Sabsabi ulirudishwa. Aliyekuwa kaimu mwenyekiti wa bodi wakati huo ni Wesley Enoch. Atakayeandika tathmini kamili ya maisha yake itambidi aisome insha ile ya mwaka 2014 sambamba na miezi mitano hiyo.