Kitabu cha Kiada na Kiwango cha Msomaji: Majaribio ya Busia na Teso

Mwaka 1996 shirika la Kiholanzi la ICS lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule za msingi za wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya; mji wa Malaba uko Teso. Shule 100 ziliwekwa katika makundi manne ya shule 25. Kundi la kwanza lilipewa vitabu mwaka huo, mengine yakasubiri. Kwa kuwa makundi yalifanana mwanzoni, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waliweza kupima athari ya kitabu chenyewe.

Alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali. Maelezo ya watafiti yalihusu lugha: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi ni lugha ya tatu. Mtoto wa Malaba huanza na Kiteso, wa Busia na Kikhayo au Kisamia, kisha Kiswahili, ndipo Kiingereza kifuate. Asiyeweza kusoma sentensi hanufaiki na ukurasa, hata kitabu kikiwa chake peke yake.

Mwaka 2005 ICS ilijaribu njia nyingine katika wilaya jirani za Bungoma na Butere-Mumias. Shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza kwa mkataba. Wengi wa walimu hao walikuwa wahitimu wapya wa vyuo vya ualimu wasio na ajira, waliolipwa takriban robo ya mshahara wa mwalimu wa serikali. Katika baadhi ya shule darasa liligawanywa kwa bahati nasibu, katika nyingine kwa kiwango cha mwanafunzi. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa kiwango walitangulia, walio chini pamoja na walio juu, kwa sababu mwalimu aliweza kuanzia pale walipofikia.

Kanuni hiyo inamfaa pia kijana wa darasa la juu anayesoma na mwalimu mwanafunzi wakiwa wawili tu. Kwanza apimwe kwa sauti: herufi, neno, aya, hadithi. Ndivyo tathmini ya Uwezo, iliyoanza Kenya mwaka 2009, ilivyowapima watoto mmoja mmoja majumbani, wenye miaka 6 hadi 16. Somo huanzia ngazi anayokwama, bila kujali darasa lake, na kipimo hurudiwa kabla ya kupanda ngazi inayofuata.